Upasuaji wa mshipa wa shingo: Madaktari hupimaje hatari kabla ya kushika kisu?

Mkono unaishiwa nguvu ghafla. Mdomo unapinda, maneno hayatoki vizuri. Baada ya dakika 10 hivi kila kitu kinarudi sawa. Mtu anainuka, anakunywa maji, anaendelea na kazi. Wengi huishia kusema "ni uchovu tu" au "amepigwa na upepo".

Kwa daktari, hiyo ni dalili nzito. Kinaitwa kiharusi cha muda mfupi. Kwa baadhi ya watu maana yake ni kwamba mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo umeanza kuziba, na kiharusi kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Mshipa huo unaweza kusafishwa kwa upasuaji. Shida iko hapa: upasuaji huo unaofanywa kuzuia kiharusi, wenyewe unaweza kuleta kiharusi. Ndio maana swali la kwanza huwa moja tu. Kwa mgonjwa huyu, hatari ya kumpasua ni ndogo au kubwa kuliko hatari ya kumwacha?

Kwa mtu anayeishi Zegereni, mkoani Pwani, kuna swali la pili ambalo familia yenyewe ina uwezo nalo: zimepita siku ngapi tangu dalili ya kwanza?

Mshipa wenyewe ni upi?

Weka vidole viwili pembeni ya koo, chini kidogo ya taya. Utasikia mapigo. Huo ni mshipa wa karotidi. Ipo miwili, mmoja kulia na mwingine kushoto, na ndiyo inayopeleka sehemu kubwa ya damu ya ubongo.

Karibu na kona ya taya, kila mshipa unagawanyika mara mbili. Tawi moja linakwenda usoni na kichwani kwa nje, lingine linaingia ndani ya fuvu. Pale kwenye panda ndipo mafuta hupenda kujikusanya, hasa kwa mvutaji sigara na mtu mwenye presha, kisukari au kolesteroli nyingi.

Ganda hilo la mafuta likikua, njia ya damu inakuwa nyembamba. Hatari kubwa zaidi huja likipasuka. Vipande vidogo au mabonge ya damu huchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo na kuziba mishipa midogo. Kipande kikiyeyuka haraka, dalili zinaondoka. Kisipoyeyuka, sehemu ya ubongo inakufa.

Upasuaji unafanyikaje?

Daktari anapasua shingo upande wenye tatizo, anabana mshipa kwa muda ili damu isipite, anaufungua, anatoa ganda la mafuta, kisha anaushona tena. Mara nyingi huweka kiraka ili mshipa usiwe mwembamba.

Hatari kubwa iko kwenye vipindi viwili. Cha kwanza ni pale mshipa unaposhikwa, maana kipande cha mafuta kinaweza kuchomoka na kwenda kwenye ubongo. Cha pili ni pale damu inapozuiwa. Hapo upande ule wa ubongo unategemea damu ya kuazima kutoka mishipa mingine. Kama mishipa hiyo ni dhaifu, ubongo unakosa damu, na daktari analazimika kuweka mrija mdogo wa kupitishia damu wakati kazi inaendelea.

Baadhi ya timu hufanya upasuaji huu kwa ganzi ya shingo tu, mgonjwa akiwa macho. Anapewa kitu cha kubonyeza kwa mkono wa upande wa pili. Mkono ukilegea au akishindwa kujibu swali, timu inajua mara moja kwamba ubongo haupati damu.

Je, ganzi ni salama kuliko nusu kaputi? Utafiti mkubwa uitwao GALA, uliochapishwa 2008 na kuhusisha wagonjwa 3,526, ulikuta karibu hakuna tofauti. Waliopata kiharusi, shambulio la moyo au kufariki ndani ya siku 30 walikuwa 4.8% kwa nusu kaputi na 4.5% kwa ganzi. Kwa hiyo uamuzi unategemea mgonjwa na uzoefu wa timu.

Historia fupi: hofu, msisimko, kisha hesabu

Mwaka 1953, Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alimfanyia upasuaji huu dereva wa basi la shule mwenye miaka 53. Taarifa hiyo ilichapishwa miaka mingi baadaye. Iliyotangulia kuutangazia ulimwengu ni ya hospitali ya St Mary's, London. Mei 1954, timu ya Felix Eastcott ilimpasua mwanamke wa miaka 66 aliyekuwa ameshapata vipindi 33 vya kupooza kwa muda mfupi. Mwili wake ulipozwa ili ubongo uvumilie kukosa damu. Alipona.

Baada ya hapo upasuaji ukapendwa sana. Nchini Marekani ulipanda kutoka takribani 15,000 kwa mwaka 1971 hadi 107,000 mwaka 1985. Lakini hakuna aliyekuwa na uhakika nani hasa anafaidika.

Mwaka 1988 ilitoka tathmini iliyowashtua wengi. Watafiti walipitia mafaili ya wagonjwa 1,302 wazee nchini humo. Ni 35% tu ambao upasuaji wao ulionekana kufaa kabisa. Kwa 32% haukufaa, na waliobaki ulikuwa na utata. Waliopata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30 walikaribia mtu mmoja kati ya kila 10.

Ukweli ni kwamba watu walikuwa wanapasuliwa bila hatari kupimwa sawasawa.

Hesabu iliyoleta majibu

Mwaka 1991 matokeo ya utafiti wa NASCET, uliofanyika Marekani na Kanada, yalitoka. Wagonjwa wote walikuwa wameshapata dalili, na mshipa ulikuwa umeziba kwa 70% hadi 99%.

Chukua watu 100 wa aina hiyo wanaotibiwa kwa dawa tu. Ndani ya miaka miwili, 26 walipata kiharusi upande ule. Chukua wengine 100 wanaopasuliwa. Waliopata kiharusi ni 9, na humo wamehesabiwa hata waliokipata kwenye upasuaji wenyewe.

Tofauti ni watu 17 katika 100. Yaani kwa kila wagonjwa sita hivi wanaopasuliwa, mmoja anaepushwa na kiharusi. Katika tiba, hiyo ni faida kubwa mno.

Kwa ambaye hajawahi kuona dalili yoyote, mambo ni tofauti. Utafiti wa ACAS wa 1995 ulionyesha kwamba katika miaka mitano hatari ilishuka kutoka takribani 11% hadi 5%. Faida ipo, ila ni ndogo na inachelewa kuja. Upasuaji ukifanywa vibaya kidogo tu, faida yote inaliwa.

Kutokana na hesabu hizo, miongozo mingi ya kimataifa imeweka kikomo. Timu inayopasua wenye dalili isizidi 6% ya kiharusi na vifo ndani ya siku 30. Kwa wasio na dalili isizidi 3%. Ikizidi hapo, mgonjwa anaweza kuwa salama zaidi akibaki na dawa.

Kiwango cha kuziba nacho kinaamua. Mshipa ulioziba chini ya 30% haupasuliwi, kwa sababu tafiti zilionyesha upasuaji unaongeza madhara. Kati ya 50% na 69% faida ni ya wastani. Kuanzia 70% ndipo inakuwa kubwa. Na mshipa ukishaziba kabisa, kuufungua kwa upasuaji huu kwa kawaida hakusaidii.

Nani yuko kwenye hatari zaidi mezani?

Mwaka 1997 watafiti walikusanya tafiti nyingi na kutafuta dalili zinazotabiri nani atapata kiharusi au kufariki kutokana na upasuaji huu. Mambo yaliyojitokeza ni haya:

• Presha ya juu kuzidi 180 kabla ya upasuaji
• Umri zaidi ya miaka 75
• Kuwa mwanamke
• Mishipa ya miguu iliyoziba (mtu anaumwa miguu akitembea, akipumzika maumivu yanaisha)
• Mshipa wa shingo wa upande wa pili kuwa umeziba kabisa
• Mshipa kuwa mwembamba pia sehemu ya juu, ndani ya fuvu

Aina ya dalili nayo inahesabika. Mtu aliyepata giza la muda kwenye jicho moja, kama pazia linashuka, ana hatari ndogo kuliko aliyepooza mkono au kupoteza maneno. Jicho linaonyesha kwamba vipande vinatoka. Mkono na maneno vinaonyesha kwamba ubongo umeshaguswa.

Angalia orodha hiyo tena. Umri haubadiliki, jinsia haibadiliki. Presha inabadilika. Ndio maana mgonjwa mwenye presha ya 190 huwekwa sawa kwanza kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Pia presha ikibaki juu baada ya mshipa kufunguliwa, damu inaingia kwa nguvu kwenye ubongo uliozoea kidogo, na inaweza kuleta kichwa kikali, degedege au hata damu kuvuja ndani ya ubongo.

Moyo nao unaangaliwa

Mtu mwenye mafuta kwenye mshipa wa shingo mara nyingi anayo pia kwenye mishipa ya moyo. Wengine wanaamka salama kwa upande wa ubongo, halafu moyo ndio unaleta shida.

Kwa hiyo madaktari hutumia mizani za jumla. Ya kale na rahisi ni ya ASA, chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani, inayompanga mgonjwa kwa madaraja kuanzia mzima kabisa hadi mahututi. Nyingine ni POSSUM ya Uingereza, ya 1991, inayochanganya hali ya mwili na ukubwa wa upasuaji.

Kwa moyo, inayotumika sana ni mizani ya mwaka 1999 ya Thomas Lee na wenzake. Inahesabu vitu sita: upasuaji mkubwa, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi cha nyuma, kisukari kinachotumia insulini, na figo zenye kreatinini zaidi ya 2. Asiye na hata kimoja alikuwa na hatari ya matatizo makubwa ya moyo chini ya 1%. Mwenye vitatu au zaidi alifikia takribani 11%.

Mizani hizi zina mipaka. Zinaeleza kundi, sio mtu. Ukisikia "hatari yako ni 5%", maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanana na wewe kwa vipimo hivyo, watano walipata tatizo. Haisemi kama wewe ni mmoja wa watano au wa wale 95.

Pia mizani ya moyo haijui kama kipande cha mafuta kitachomoka shingoni. Kwa hiyo daktari mzuri hasimamii namba moja. Anachukua ya moyo, ya ubongo, picha za mishipa na hali ya mgonjwa kwa ujumla: anatembea mwenyewe? Anapanda ngazi bila kuhema? Anakula vizuri?

Mkono wa timu nao ni kipimo

Kuna jambo ambalo wagonjwa wachache huliuliza. Hatari inategemea pia nani anapasua, na nani anahesabu matokeo.

Mwaka 1996 watafiti walilinganisha ripoti 51 za upasuaji huu. Pale ambapo mtaalamu wa magonjwa ya ubongo aliwapima wagonjwa baada ya upasuaji, kiharusi na vifo vilikuwa 7.7%. Pale ambapo mwandishi wa ripoti alikuwa daktari wa upasuaji peke yake, ilikuwa 2.3%. Sio lazima mtu awe amedanganya. Anayekagua kazi ya mwenzake huona udhaifu mdogo ambao mwenye kazi anaweza kuupita.

Na namba ndogo zinapumbaza. Tuseme timu imepasua wagonjwa 10 bila kiharusi hata kimoja. Inapendeza. Lakini hata timu yenye hatari halisi ya 10% ina nafasi ya karibu 35% ya kupitisha wagonjwa 10 mfululizo salama, kwa bahati tu. Kwa nchi ambazo upasuaji huu haufanyiki mara nyingi, kuweka kumbukumbu ya kila mgonjwa kwa miaka ndiyo njia ya kujua ukweli.

Mwenye hatari kubwa anaweza kufaidika zaidi

Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mzee wa miaka 78 ana hatari kubwa zaidi mezani kuliko mtu wa miaka 60. Kwa hiyo aachwe?

Hapana, sio moja kwa moja. Mwaka 2004 Peter Rothwell wa Oxford na wenzake waliunganisha takwimu za tafiti kubwa za wagonjwa wenye dalili. Kwa wenye miaka 75 na kuendelea, ilitosha kupasua watu 5 ili kumwepusha mmoja na kiharusi katika miaka mitano. Kwa walio chini ya miaka 65, ilibidi kupasua 18.

Sababu ni kwamba mzee yuko kwenye hatari kubwa zaidi hata asipopasuliwa. Hatari ya upasuaji imepanda, lakini ya kumwacha imepanda zaidi.

Kwa wanawake hesabu inakwenda upande mwingine. Hatari mezani ni kubwa kidogo na faida ni ndogo: 36 wanapasuliwa ili mmoja aepushwe, wakati kwa wanaume ni 9. Haina maana wanawake wasipasuliwe. Ina maana uamuzi wao unahitaji umakini zaidi, hasa kama siku zimeshapita.

Siku 14 zinazobadili kila kitu

Katika utafiti huohuo wa 2004, kitu kilichotikisa hesabu kuliko vyote kilikuwa muda.

Wagonjwa walioingia kwenye utafiti ndani ya wiki mbili tangu dalili ya mwisho: 5 wanapasuliwa, mmoja anaepushwa na kiharusi.

Walioingia baada ya wiki 12: 125 wanapasuliwa, mmoja anaepushwa.

Soma tena. Kutoka 5 hadi 125. Ugonjwa uleule, upasuaji uleule. Hatari ya kisu inabaki palepale, lakini faida imeyeyuka, kwa sababu viharusi vingi vilivyokuwa vizuiwe vimeshatokea au hatari yake imeshapoa.

Ndio maana miongozo mingi inataka mgonjwa anayefaa apasuliwe ndani ya siku 14 tangu dalili zianze. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia ule mkono ulipolegea nyumbani au kazini. Kufika kwa mtaalamu sio siku ya kwanza.

Vipi kwa mtu wa Zegereni?

Zegereni, eneo la Pwani upande wa Kibaha, linajulikana kwa viwanda. Mji wa Kibaha uko kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Kwa ramani, hospitali kubwa za taifa haziko mbali.

Lakini njia ya mgonjwa haifuati ramani. Inaweza kuanzia duka la dawa, ikaenda zahanati, kisha kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi pale Kibaha, na mwisho Muhimbili. Huko ndiko zilipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyoanzishwa 2015, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), inayoshughulikia pia upasuaji wa ubongo. Kila kituo kikichukua siku tatu nne, wiki mbili zimekwisha kabla mshipa haujapigwa picha.

Na ugonjwa wenyewe upo. Mradi wa utafiti wa kiharusi Tanzania ulihesabu wagonjwa wapya wilayani Hai, Kilimanjaro, na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Hai ilikuwa na viharusi takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar ilikuwa na takribani 316. Watafiti waliitaja Dar kuwa miongoni mwa maeneo yenye viwango vya juu zaidi.

Hata hivyo, sio kila kiharusi kinatoka shingoni. Kingine ni mshipa uliopasuka ndani ya ubongo kwa sababu ya presha. Kingine ni bonge la damu kutoka kwenye moyo. Tafiti za Marekani zimeonyesha pia kwamba kwa watu weusi, kuziba kwa mishipa ya ndani ya fuvu hutokea zaidi kuliko kwa wazungu, na kuziba kwa shingo hutokea kidogo zaidi.

Hilo lina maana mbili. Kwanza, kipimo kinatangulia dawa za kukisia. Picha ya CT ya kichwa inaonyesha kama damu imevuja au mshipa umeziba, na ndio maana si vizuri kumpa mtu aspirini nyumbani kabla ya kujua. Pili, mizani za hatari zilizotengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini zinatumika hapa kama mwongozo, zikisomwa pamoja na hali halisi ya mgonjwa.

Habari njema ni kwamba kipimo cha kwanza cha mshipa wa shingo sio cha ajabu. Ni ultrasaundi yenye uwezo wa kupima mwendo wa damu, inayopitishwa juu ya ngozi. Haiumi na haihitaji sindano. Ikionyesha mshipa umeziba sana, ndipo picha za kina za CT ya mishipa zinafuata.

Stenti je?

Njia nyingine ni kupitisha waya kutoka kwenye paja au mkono hadi shingoni na kuweka stenti, kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi. Hakuna kidonda shingoni.

Utafiti wa CREST wa 2010 wenye wagonjwa 2,502 ulilinganisha njia hizi mbili. Kwa jumla matokeo yalikaribiana, lakini hatari zilikuwa za aina tofauti. Kiharusi kilikuwa 4.1% kwa stenti na 2.3% kwa upasuaji. Shambulio la moyo lilikuwa 1.1% kwa stenti na 2.3% kwa upasuaji. Waliopata shida ya mishipa ya fahamu ya usoni au kooni walikuwa wengi zaidi kwenye upasuaji, karibu 5%.

Kwa kifupi, mwenye moyo dhaifu au shingo iliyowahi kupigwa mionzi anaweza kufaa stenti. Kwa mzee, upasuaji mara nyingi ni salama zaidi kwa ubongo.

Dawa haziepukiki

Awe amepasuliwa au hajapasuliwa, mgonjwa anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa ya kolesteroli aina ya statini, presha iliyodhibitiwa, sukari iliyodhibitiwa, na kuacha sigara. Hizi hazimalizwi kama dozi ya malaria. Ni za muda mrefu, na hakuna ya kuacha siku ya upasuaji bila daktari kusema.

Maswali ya kumuuliza daktari

Familia nyingi zikifika kwa bingwa huuliza "atapona?" pekee. Haya yanasaidia zaidi:

1. Mshipa umeziba asilimia ngapi, na wa upande wa pili ukoje?
2. Dalili alizopata kweli zinatokana na mshipa huu?
3. Asipopasuliwa, hatari yake ni kiasi gani kwa miaka miwili ijayo?
4. Akipasuliwa hapa, kati ya wagonjwa 100 ni wangapi hupata kiharusi au kufariki ndani ya siku 30? Nani amehesabu?
5. Moyo na figo vimepimwa?
6. Kuna kitu cha kurekebisha kwanza, kama presha, bila kupoteza siku?
7. Tumebakiwa na siku ngapi ndani ya zile 14?

Daktari anayejibu kwa namba na kukiri pale namba zinapoishia anampa mgonjwa nafasi ya kuamua mwenyewe.

Dalili za kutosubiri

Uso kupinda upande mmoja. Mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu au kufa ganzi. Maneno kupotea au kuchanganyika. Jicho moja kuwa giza ghafla. Hata kama zimeisha baada ya dakika tano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Andika saa na tarehe dalili zilipoanza. Beba dawa zote anazotumia mgonjwa na kadi ya kliniki ya presha au kisukari kama anayo. Mueleze daktari wazi: "alipooza kidogo, kisha akarudi." Zikirudi njiani, zikawa nzito au zisipoisha, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Mizani, alama na picha ni kazi ya madaktari. Tarehe ya dalili ya kwanza anaijua aliyekuwepo. Mgonjwa anayefika na karatasi yenye tarehe hiyo siku ya pili ameshapunguza sehemu ya hatari ambayo hakuna bingwa anayeweza kuipunguza akifika wiki ya sita.